Rufaa ya mama ilishinda, mzigo ukahamia kwa jirani

Notisi ya uthamini ilipofika, mama alinipigia simu kabla hajamaliza kuisoma. "Mwanangu, wameandika nyumba yangu ina thamani hii. Huyo aliyeandika anainunua? Kama anainunua aje kesho, nitampisha." Nimesoma mengi kuhusu kodi ya majengo tangu siku ile, na bado sijakuta swali lililo karibu na kiini kuliko hilo. Mthamini anatakiwa aandike bei ambayo mnunuzi mwenye akili timamu angemlipa muuzaji asiyeshurutishwa. Akiandika zaidi ya hapo, anamtoza mtu kodi kwa mali asiyokuwa nayo.

Tukakata rufaa. Mimi si mthamini wala mwanasheria, lakini nilikuwa na muda, na nilikuwa na hasira. Nilitafuta nyumba tano za jirani zilizouzwa karibuni, nikapiga picha ufa wa ukuta wa nyuma na dari lililobonyea kwa uvujaji, nikapanga kila kitu kwenye faili moja. Watu watatu walitusikiliza nyuma ya meza kwa dakika zisizozidi kumi na tano. Waliuliza maswali mawili. Wiki chache baadaye barua ikaja: thamani imepunguzwa kwa karibu robo. Mama alicheka kwa furaha, akanibariki, na mimi nikajiona nimetenda haki.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Jumapili. Bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwa mama, mjane ambaye amenijua tangu nikiwa mtoto, alisikia habari zetu akaniita nimsomee notisi yake. Nyumba yake na ya mama zilijengwa mwaka mmoja na fundi mmoja. Yake ni ndogo kidogo, haina chumba cha nyuma. Hata hivyo thamani iliyoandikwa kwake ilikuwa kubwa kuliko ile ya mama ya kabla ya rufaa. Nilipotazama tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, ilikuwa imepita siku kumi na nane. "Nilidhani wakubwa wameshapima," akaniambia. "Nani mimi wa kuwauliza?"

Usiku ule nilikaa na karatasi nikajaribu kuelewa fedha tuliyoiokoa ilitoka wapi.

Jibu linategemea jinsi kodi inavyopangwa, na sehemu nyingi inapangwa hivi: mamlaka ya mji inaamua kwanza inahitaji fedha kiasi gani kwa mwaka, kisha inagawanya kiasi hicho kwa jumla ya thamani za majengo yote yaliyo kwenye daftari. Hapo ndipo kiwango cha kodi kinapopatikana. Keki, kwa maneno mengine, imeshakatwa ukubwa wake, na uthamini unaamua tu nani analipia kipande gani. Nyumba moja ikishushwa thamani, mji haupokei pungufu. Kiwango kinapanda kidogo, na wengine wote wanafidia. Kwa hiyo ile robo niliyompatia mama haikutoka kwenye hazina ya serikali. Ilitoka kwa majirani, akiwemo bibi yule. Kwa nyumba moja ni senti ambazo hakuna anayeziona. Zidisha kwa maelfu ya rufaa kila mwaka, nyingi zikiwa za wenye majumba makubwa na majengo ya biashara wanaolipa mawakili wa kazi hiyo, utaona ni mto mzima wa fedha unaohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila bunge wala baraza lolote kuupigia kura.

Sisemi watu waache kukata rufaa. Ningemkatia mama tena kesho. Ninachosema ni kwamba rufaa inatibu nyumba moja, na ugonjwa wenyewe uko kwenye daftari zima. Anayeweza kuuona ugonjwa huo ni mtu aliye juu ya mthamini, mwenye daftari lote mkononi na mwenye mamlaka ya kumwambia: rudia. Ndiyo maana nataka kuzungumzia usimamizi wa serikali juu ya uthamini, jambo ambalo halijazwi kwenye vichwa vya habari na ambalo nadhani linagusa mifuko ya watu wengi kuliko mengi yanayojazwa.

Tuanze na kinachofanya dhuluma hii isionekane. Chukua nyumba ambayo ingeuzwa kwa 100. Kwenye daftari imeandikwa 80. Mwenye nyumba akisoma notisi anashukuru Mungu, anaona amepunguziwa, anaiweka kabatini. Hajui kwamba nyumba nyingine zote za mji zimeandikwa nusu ya bei yake ya soko. Kama kila mtu ameandikiwa 50 kwa 100 na yeye 80, analipa asilimia 60 zaidi ya fungu lake, na analipa akiwa na shukrani. Kwa kutazama nyumba yako peke yake huwezi kujua. Thamani yako inaweza kuwa chini ya bei ya soko na bado ukawa unaonewa.

Mahakama Kuu ya Marekani ilikutana na kitu hiki hiki mwaka 1923. Kampuni yenye daraja kwenye mto kati ya Nebraska na Iowa ilithaminiwa kwa asilimia 100 ya thamani ya mali yake, wakati mali nyingine za wilaya ile zilithaminiwa kwa asilimia 55. Mahakama ya Nebraska ilikuwa imeiambia kampuni: thamani yako ni sahihi, kama hupendi nenda kaombe wengine wapandishwe. Fikiria mwenye nyumba mmoja anaambiwa akawashtaki majirani zake wote mmoja mmoja. Mahakama Kuu ilikataa. Ilisema mtu wa namna hiyo ana haki ya kushushwa mpaka kwenye uwiano wa wenzake, hata kama sheria inasema thamani iwe kamili. Usawa ulipogongana na usahihi wa namba moja, usawa ulitangulia. Mimi hukumu hiyo huipenda sana, kwa sababu inakubali kwamba kodi ya majengo ni jambo la watu wengi kwa pamoja.

Sasa, usawa unapimwaje? Hapa ndipo nilipopotelea kwa miezi, na naomba uvumilivu wa msomaji, maana hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko inavyotisha.

Unachukua nyumba zilizouzwa mwaka huo, mauzo ya kweli, si baba kumuuzia mwanawe. Kwa kila nyumba unagawanya thamani iliyo kwenye daftari kwa bei iliyouzwa. Unapata uwiano. Ukizipanga namba hizo kutoka ndogo hadi kubwa, ile ya katikati inakuambia daftari kwa ujumla liko karibu kiasi gani na soko. Chama cha Kimataifa cha Maofisa Uthamini, IAAO, kilichoanzishwa mwaka 1934, kwa miaka mingi kimetaka namba hiyo iwe kati ya 0.90 na 1.10.

Lakini namba ya katikati inaweza kupendeza huku daftari limeoza. Kama nusu ya nyumba zimezidishiwa na nusu zimepunguziwa, katikati patakuwa sawasawa kabisa. Hivyo unapima pia mtawanyiko: kwa wastani kila nyumba iko mbali kiasi gani na ile ya katikati, kwa asilimia. Kwa nyumba za kuishi, IAAO inaona 5 hadi 15 ni kazi inayokubalika. Ikipita hapo, maana yake nyumba mbili za thamani moja zinatozwa tofauti sana, na aliyeumia ameumia kwa bahati mbaya tu, kama kwenye bahati nasibu.

Kipimo cha tatu ndicho kinachonikosesha usingizi. Kinauliza: kosa linaelekea upande gani? Unachukua wastani wa uwiano wa nyumba zote, kila nyumba ikihesabika sawa. Kisha unajumlisha thamani zote za daftari na kuzigawanya kwa jumla ya bei zote, ambapo nyumba za bei kubwa zinakuwa na uzito zaidi. Unagawanya wastani wa kwanza kwa wa pili. Ikitoka kati ya 0.98 na 1.03, vizuri. Ikizidi 1.03, nyumba za gharama zimeandikwa chini na za bei nafuu zimeandikwa juu. Yaani maskini anamlipia tajiri. Hapo bahati haina tena nafasi, maana kosa lina mwelekeo.

Nilijaribu hesabu hiyo kwa mauzo machache niliyoweza kuyapata karibu na kwa mama. Yalikuwa machache mno kuthibitisha lolote mbele ya mtu yeyote. Lakini nilipoyapanga kwa bei, uwiano ulikuwa unashuka kadiri bei inavyopanda, kama ngazi. Nilifunga daftari langu nikatoka nje kupunga upepo.

Mwaka 2017 gazeti la Chicago Tribune, likishirikiana na ProPublica, shirika la uandishi wa habari za uchunguzi, lilichapisha uchunguzi mkubwa juu ya wilaya ya Cook, yenye jiji la Chicago. Walipitia mamilioni ya kumbukumbu na kuonyesha kwamba ofisi ya mthamini ilikuwa kwa miaka ikizidisha thamani za nyumba za bei ya chini na kupunguza za bei ya juu, na kwamba rufaa, badala ya kunyoosha, ziliongeza upogo. Wenye nyumba nzuri walikata rufaa zaidi na walishinda zaidi. Wanasiasa wakubwa wa jimbo walikuwa na ofisi za uwakili zilizoishi kwa rufaa hizo. Machi 2018 mthamini aliyekuwa madarakani alishindwa kwenye uchaguzi wa mchujo na Fritz Kaegi, aliyegombea kwa ahadi ya kurekebisha jambo hilo moja.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Chicago. Christopher Berry, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago ambaye kazi yake ilichangia kuifichua Cook, alipanua hesabu yake kwa nchi nzima ya Marekani. Aliona kwamba katika eneo la kawaida, nyumba iliyo katika asilimia 10 ya chini kabisa kwa thamani inatozwa kiwango halisi kinachozidi mara mbili ya kile cha nyumba zilizo katika asilimia 10 ya juu. Watafiti wengine wawili, Carlos Avenancio-León na Troup Howard, waliona kwamba familia za Weusi na za wenye asili ya Kilatino hubeba kodi kubwa zaidi kwa asilimia 10 hadi 13 kwa huduma zile zile. Hakuna sheria inayosema watozwe hivyo. Imetokea tu, ndani ya hesabu.

Inatokeaje? Ubaya wa moyo si lazima. Mthamini hathamini nyumba moja moja. Ana laki nyingi za nyumba na kompyuta yenye kanuni inayotumia ukubwa, umri, idadi ya vyumba, mtaa. Haingii ndani. Haoni dari la mama lililobonyea, wala haoni sakafu ya marumaru ya yule tajiri wa mlimani. Anachokiona cha nje kinafanana, hivyo kanuni inawavuta wote kuelekea katikati: mbovu inapanda, nzuri inashuka. Mtaa wenye shule mbaya na taa zisizowaka unapewa thamani kana kwamba una shule nzuri, kwa sababu ramani ya kanuni imechora eneo pana mno. Kisha inakuja rufaa, na wenye nafasi wanajinyoosha zaidi. Mwaka unaofuata kanuni inaanzia pale ilipoishia. Ofisi nzima inaweza kuwa na watu waadilifu na bado daftari likatoka limepinda, ndiyo maana uadilifu wa mthamini hautoshi kuwa kinga. Lazima awepo anayepima kazi yake kutoka nje.

Asipokuwepo, au akichelewa, watu wanapoteza nyumba. Detroit, jiji la Marekani, ni mfano ninaousoma kwa uzito moyoni kila mara. Katiba ya jimbo la Michigan inakataza nyumba kuthaminiwa kwa kodi zaidi ya nusu ya bei yake ya soko. Baada ya msukosuko wa mwaka 2008 bei za nyumba Detroit ziliporomoka, na daftari halikuzifuata chini kwa kasi hiyo. Profesa Bernadette Atuahene na Berry walihesabu kwamba kati ya mwaka 2009 na 2015, kila mwaka, jiji lilithamini asilimia 53 hadi 84 ya nyumba za kuishi kinyume na kikomo hicho cha katiba. Kati ya 2011 na 2015, jengo moja kati ya manne hivi jijini lilichukuliwa kwa deni la kodi. Walikadiria kwamba utwaaji mmoja katika kumi ulisababishwa na uthamini huo uliovuka katiba, na kwa nyumba za thamani ya chini kabisa, mmoja katika nne. Tume ya Kodi ya jimbo ilikuja kuiweka ofisi ya uthamini ya jiji chini ya uangalizi wake mwaka 2014, na uthamini mpya wa jiji zima, wa kwanza kwa takriban miaka 60, ukaanza kutumika mwaka 2017.

Angalia mpangilio wa miaka hiyo. Michigan ilikuwa na tume ya kusimamia wathamini tangu zamani, sheria ilikuwepo, katiba ilikuwepo, na haki ya rufaa ilikuwepo kwenye kila notisi kwa herufi ndogo. Vyote hivyo vilikuwepo wakati watu wanatolewa vitu nje.

Kwa hiyo kuwa na chombo cha usimamizi si habari ya kunituliza tena. Siku hizi nauliza chombo hicho kinapima nini.

Vyombo vingi vya zamani viliundwa kwa tatizo jingine kabisa. Jimbo lilipokuwa likitoza kodi kupitia wilaya, kila wilaya ilikuwa na hamu ya kuandika thamani za chini ili ichangie kidogo. California iliweka bodi ya kusawazisha kwenye katiba yake ya mwaka 1879 kwa mashindano ya namna hiyo. Dawa yake ni kizidisho: wilaya hii imeandika chini, basi zidisha thamani zake zote kwa namba fulani. Illinois, jimbo lenye Chicago, mpaka leo inatoa kizidisho kila mwaka, na cha wilaya ya Cook huwa karibu na 3. Kati ya wilaya na wilaya inasaidia. Lakini ukizidisha kila nyumba kwa namba moja, aliyeandikiwa mara mbili ya jirani yake anabaki mara mbili ya jirani yake. Kizidisho kilifanya kazi yake barabara miaka yote ambayo Cook ilikuwa ikiwaonea wenye nyumba ndogo.

Kuna na mtego mwingine ambao sikuujua kabla, na ulinishtua. Tumesema usawa unapimwa kwa nyumba zilizouzwa. Mthamini anajua hilo. Basi akiona nyumba imeuzwa, anaibadilisha thamani iwe sawa na bei ya mauzo, na zile ambazo hazikuuzwa anaziacha zilivyo. Kipimo kinatoka kizuri ajabu, kwa sababu anapimwa kwa mtihani ambao amepewa majibu. Kwenye kazi hii wanaita kukimbiza mauzo. Huko Webster, wilaya ya West Virginia, mthamini alikuwa akiwaandikia walionunua karibuni bei waliyonunulia, huku mali za zamani akiziongeza kidogo kidogo, mpaka kampuni ya makaa ya mawe ikajikuta imethaminiwa mara 8 hadi 35 ya mali za jirani zinazofanana nayo. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwa kauli moja kwamba huo ni ubaguzi usioruhusiwa. Msimamizi makini anaukamata mtego huu kirahisi: analinganisha thamani za nyumba zilizouzwa zimebadilika kwa asilimia ngapi, na zisizouzwa kwa ngapi. Zikipishana sana, mtihani umevuja. Msimamizi asiyelinganisha hivyo anasaini tu karatasi.

Halafu kuna kosa la kuacha namba zilale. Ujerumani ilitoza kodi ya majengo kwa thamani za mwaka 1964 upande wa magharibi na za mwaka 1935 upande wa mashariki. Sheria ilikuwa imetaka uthamini mpya kila baada ya miaka sita, haukurudiwa. Aprili 2018 Mahakama ya Katiba ikasema thamani hizo zimepishana na ukweli kiasi kwamba zinavunja usawa, na serikali ikalazimika kuthamini upya majengo na viwanja karibu milioni 36 ili kodi mpya ianze mwaka 2025. Uingereza yenyewe, kwa upande wa England, bado inapanga nyumba kwenye madaraja ya kodi kwa bei za Aprili 1991. Mtaa uliopanda bei mara kumi na mtaa uliopanda mara mbili bado vinasimama pale vilipokuwa wakati huo. Watawala wanaogopa kuamsha namba, na kila mwaka wa woga unaufanya mwamko uwe mkali zaidi.

Historia inawapa sababu ya kuogopa, na sitaificha. Katikati ya miaka ya 1960 mthamini wa San Francisco, Russell Wolden, alipatikana na hatia ya kupokea rushwa kutoka kwa wafanyabiashara ili awashushie thamani. Bunge la California likajibu mwaka 1966 kwa sheria kwamba mali zote zithaminiwe kwa asilimia 25 ya bei ya soko, bila upendeleo. Haki tupu, kwa maandishi. Lakini kumbe nyumba za kuishi zilikuwa zikiandikwa kwa uwiano wa chini kuliko biashara, hivyo usawa ulipokuja wenye nyumba ndio waliopandishiwa. Kisha bei za nyumba zikaruka miaka ya 1970, na daftari, sasa likiwa la kisasa na aminifu, likaruka nazo. Hasira hiyo ilizaa kura ya Juni 1978 iliyofunga kodi kwenye asilimia 1 na kuzuia thamani kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Matokeo yake, mwanamke mmoja aliyenunua nyumba Los Angeles alijikuta akilipa karibu mara tano ya baadhi ya majirani wenye nyumba kama yake. Alikwenda mpaka Mahakama Kuu, na mwaka 1992 akashindwa.

Wengine wanasoma kisa hicho wakasema afadhali kutogusa. Mimi nasoma kwamba usawa uliletwa bila kushikwa mkono: hakuna aliyeshusha kiwango cha kodi kadiri thamani zilivyopanda, hakuna aliyewagawia watu ongezeko kwa miaka kadhaa, hakuna aliyewaeleza mapema. Usimamizi unaojali watu unafanya hayo yote. Na kama uthamini ungekuwa unafanyika kila mwaka, hakungekuwa na mruko wa kuvunja miguu.

Uholanzi inafanya kila mwaka, tangu 2007. Halmashauri ndizo zinazothamini, lakini juu yao kuna chombo cha kitaifa, Waarderingskamer, kilichowekewa sheria katika miaka ya 1990. Kinakagua kazi ya kila halmashauri, kinaipa daraja, na daraja hilo linatangazwa kwa kila mtu kulisoma. Halmashauri inahitaji ridhaa yake kabla ya kutuma notisi. Hapo naomba nisimame kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona tofauti kubwa: ukaguzi unafanyika kabla barua hazijamfikia bibi wa nyumba ya tatu. Kosa linazuiwa likiwa bado kwenye kompyuta ya ofisi, na hatakiwi yeye kuligundua ndani ya wiki sita akiwa na miwani iliyopasuka. Tangu Oktoba 2016 mtu yeyote huko anaweza pia kufungua intaneti akaona thamani ya nyumba ya kuishi yoyote nchini, na akalinganisha na yake.

Na si lazima mji uwe na mabilioni ya kumbukumbu za mauzo. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, mwaka 2020 chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr ulianza kuthamini kwa pointi: picha za setelaiti zilionyesha ukubwa wa jengo, watu walipita mitaani kuandika paa ni la nini, ukuta ni wa nini, barabara ikoje, na kila sifa ikapewa pointi. Majengo kwenye daftari yaliongezeka kutoka takriban 57,000 hadi 120,000. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mwenye nyumba anaweza kuzisoma pointi zake na kusema, hapa mmeniandikia paa jipya na langu ni kuukuu. Anaweza kubishana na kitu anachokielewa. Notisi ya mama ilikuwa na namba moja tu, haikuwa na sababu.

Watu wananiuliza kama natamani serikali kuu inyang'anye miji kazi ya uthamini. Hapana. Mthamini awe karibu na mitaa anayoiandika. Ninachotaka ni kwamba asijisahihishie mtihani mwenyewe. Anayempima asiteuliwe naye wala na wanaonufaika na daftari. Apewe mauzo yote, siyo yale yaliyochujwa. Atoe vile vipimo vitatu kila mwaka, kwa kila mtaa na kwa kila ngazi ya bei, na avitangaze kwa lugha ambayo mama anaweza kuisoma. Na vipimo vikitoka vibaya, notisi zisitoke. Hilo la mwisho ndilo ninalolipigania kuliko yote. Ripoti zisizozuia chochote nimeshaziona nyingi.

Nimerudi kwa bibi mara kadhaa. Mwaka huu notisi yake tumeifungua pamoja siku ile ile ilipofika, na rufaa yake imeshaandikwa, picha zote zimo. Lakini mwaka huu nimeandika na barua ya pili, ambayo haihusu nyumba yake wala ya mama. Naomba orodha ya mauzo yote ya mwaka uliopita pamoja na thamani za daftari za nyumba hizo, na naomba kuambiwa ni nani aliyezikagua kabla notisi hazijatumwa. Niliipeleka mwenyewe kwa mkono. Karani wa mapokezi aliisoma yote akiwa amesimama, akaniuliza ni nyumba namba ngapi ili aijaze kwenye fomu. Nikamwambia ni zote. Aliniangalia, akatafuta sanduku kwenye fomu ambalo lingeweza kupokea jibu hilo, hakulipata, akaandika kwa kalamu pembeni: zote. Kisha akagonga muhuri kwenye nakala yangu.